Kamera ya Ulinzi Isiyoshika Mtandao: Namna ya Kuitafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua



Miaka michache iliyopita kamera ya ulinzi ilikuwa kitu cha benki, hoteli na ofisi kubwa. Leo imefungwa juu ya mlango wa duka la rejareja, kwenye kona ya banda la ng'ombe na juu ya baraza za nyumba za kawaida katika vijiji na mitaa yetu. Ni maendeleo ya kupongezwa. Hata hivyo, kamera isiyoshika mtandao ina hatari yake ya pekee: humpa mwenye nyumba utulivu usio na msingi. Nyumba isiyo na kamera hufunga geti mapema na kumwomba jirani atupe jicho. Nyumba yenye kamera iliyonyamaza huacha yote hayo, kwa kuamini kwamba yupo mlinzi anayekesha.

Tuchukue mfano ambao tutaurejea hadi mwisho wa somo. Bibi mmoja anaishi peke yake kijijini. Mwanawe, anayefanya kazi mjini, alimfungia kamera juu ya mlango unaotazama zizi la mbuzi, ili kila jioni amwone mama yake akifunga zizi na kuingia ndani salama. Mwezi huu alimnunulia ruta mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa dhaifu. Tangu siku hiyo programu iliyo kwenye simu yake inaonyesha kwamba kamera haipo hewani. Mjukuu aliyetumwa kuitazama amejaribu kuiunganisha mara tano bila mafanikio, na sasa anapendekeza inunuliwe nyingine. Je, kamera imeharibika kweli?

Somo hili halihitaji utaalamu wa umeme wala wa kompyuta. Linahitaji subira, simu janja, na nidhamu moja ambayo mafundi wazuri wote huizingatia: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata akifanikiwa, hatajua ni lipi lililomsaidia, na hitilafu ikirudi ataanza upya.

1. Safari ya picha kutoka mlangoni hadi kwenye simu

Kabla ya kutafuta hitilafu, tuielewe njia. Kamera hupata umeme kutoka kwenye soketi kupitia adapta. Hurusha picha kwa mawimbi ya redio hadi kwenye ruta. Ruta huitoa picha hiyo nje ya nyumba kupitia laini ya simu au waya wa intaneti. Huko nje picha hupokelewa na kompyuta za mtengenezaji wa kamera, ambazo nazo huipeleka kwenye simu yako, popote ulipo.

Safari hiyo ina vipande vinne: umeme, mawimbi ya ndani ya nyumba, intaneti ya nje, na simu yenye akaunti yako. Kipande kimoja kikikatika, simu huonyesha ujumbe uleule, kwamba kamera haipatikani. Ndiyo sababu watu wengi huilaumu kamera wakati kosa liko kwingine. Kazi yetu ni kukagua vipande hivi kimoja baada ya kingine, tukianza na kilicho rahisi.

2. Je, intaneti yenyewe ipo?

Chukua simu, zima data ya laini yako, kisha ungana na Wi-Fi ya nyumbani pekee. Fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, intaneti ipo. Usipofunguka, acha kamera kabisa na ushughulikie ruta.

Hatua ya kuzima data ni ya lazima. Wengi husahau, simu ikafungua kurasa kwa kifurushi chake, nao wakaamini kwamba Wi-Fi ni nzima. Kumbuka pia kwamba alama ya Wi-Fi juu ya kioo cha simu huthibitisha jambo moja tu: simu imefika kwenye ruta. Haithibitishi kwamba ruta imefika kwenye intaneti. Kifurushi cha laini iliyomo ndani ya ruta kikiisha, alama hiyo hubaki palepale.

3. Umeme: chanzo kisichotiliwa shaka

Kamera nyingi za nyumbani hutumia umeme mdogo wa volti 5, kwa adapta ya ampea 1 au 2. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya adapta na uyalinganishe na yale yaliyo kwenye kamera. Adapta dhaifu inaweza kuwasha taa ya kamera na bado ikashindwa kuipa nguvu ya kurusha mawimbi.

Waya mrefu na mwembamba nao hupoteza umeme njiani. Ikiwa uliunganisha waya wa mita 10 ili kamera ifike kwenye zizi, volti 5 zilizotoka kwenye adapta hazitafika zote. Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: kamera hufanya kazi vizuri mchana, kisha hukatika giza linapoingia. Usiku kamera huwasha taa zake za miale isiyoonekana kwa macho ili ione gizani, na taa hizo huongeza mahitaji ya umeme. Kipimo chake ni kuileta kamera karibu na soketi na kutumia waya mfupi uliokuja nayo. Ikitulia, umekipata chanzo.

Umeme unapokatika na kurudi, kamera inaweza kuwaka upesi kuliko ruta, ikatafuta mtandao ambao bado haujawaka, ikakata tamaa. Kwa hiyo fuata utaratibu huu: chomoa vyote viwili, chomeka ruta kwanza na usubiri dakika 2 au 3 hadi taa zake zitulie, ndipo uchomeke kamera. Jambo hili dogo huondoa matatizo mengi, tena bila kugusa mpangilio wowote.

4. Kusoma taa na sauti ya kamera

Kila mtengenezaji ana lugha yake ya taa, hivyo kitabu kidogo kilichokuja na kamera kihifadhiwe pamoja na risiti. Kwa kawaida, taa inayomweka polepole huashiria kwamba kamera inasubiri kuunganishwa. Inayomweka haraka huashiria kwamba inajaribu kuungana. Inayowaka bila kumweka huashiria kwamba imefika. Kamera nyingine hutamka kwa sauti hatua iliyofikia. Sikiliza maneno yake hadi mwisho. Kamera inayosema kwamba nywila si sahihi imekuokolea saa nzima ya kubahatisha.

5. Masafa mawili chini ya jina moja

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo mjukuu wa mfano wetu alipokwamia kwanza.

Ruta za kisasa hurusha mtandao kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 5 yana kasi kubwa lakini hayafiki mbali, na ukuta huyadhoofisha upesi. Masafa ya 2.4 yana kasi ndogo zaidi, lakini mawimbi yake, yenye urefu wa takriban sentimita 12, hupenya kuta vizuri zaidi. Kamera nyingi za nyumbani, hasa za bei nafuu, husikia masafa ya 2.4 pekee.

Tatizo huzuka ruta inapotumia jina moja kwa masafa yote mawili. Simu, ambayo husikia yote, huchagua 5 kwa sababu ya kasi yake. Programu ya kamera huiona simu ikiwa kwenye 5, na mara nyingine hushindwa kuielekeza kamera kwenye 2.4. Mtumiaji huona jina sahihi, huandika nywila sahihi, na bado hukataliwa.

Dawa zake ni tatu, chagua mojawapo. Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya ruta na uyape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha uunganishe simu na kamera kwenye jina la 2.4. Pili, zima masafa ya 5 kwa muda, unganisha kamera, kisha uyawashe tena. Tatu, kama ruta yako inaruhusu mtandao wa wageni, uwashe kwa masafa ya 2.4 na uiweke kamera humo. Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, pamoja na jina na nywila ya mwanzo, kwa kawaida hubandikwa chini ya ruta.

Wanaotumia hotspoti ya simu badala ya ruta wakague jambo hilohilo. Katika simu nyingi za Android mpangilio wa hotspoti huruhusu kuchagua masafa, chagua 2.4. Katika iPhone za miaka ya karibuni, washa kipengele cha kuongeza upatanifu kilicho kwenye ukurasa wa hotspoti. Kumbuka kwamba simu inayogawa mtandao ikiondoka nyumbani, huondoka na mtandao wa kamera. Hotspoti yafaa kwa majaribio. Kwa ulinzi wa kila siku haitegemeki.

6. Jina, nywila na kufuli za ruta

Kamera haijui kwamba umenunua ruta mpya. Imehifadhi jina na nywila ya ile ya zamani, na itaendelea kuitafuta. Ukibadilisha ruta au nywila, una njia mbili: kuifundisha kamera mtandao mpya, au kuipa ruta mpya jina na nywila zilezile za zamani, herufi kwa herufi. Njia ya pili huokoa muda kwa nyumba yenye vifaa vingi.

Nywila hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Sifuri na herufi O hufanana. Moja, I kubwa na l ndogo hufanana pia. Simu zina tabia ya kuongeza nafasi baada ya neno au kuikuza herufi ya kwanza bila kuombwa. Bonyeza alama ya jicho ili uione nywila unapoiandika. Baadhi ya kamera hushindwa pia na majina ya mtandao yenye alama za pekee, hivyo tumia herufi na tarakimu za kawaida.

Kagua vilevile kufuli hizi nne kwenye ruta:

Aina ya usalama. Ruta mpya inaweza kuwa imewekwa WPA3 peke yake, ambayo kamera za zamani hazielewi. Chagua WPA2, au mpangilio unaoruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Usiondoe nywila kabisa ili kurahisisha mambo.

Idadi ya vifaa. Ruta ndogo za mfukoni huruhusu vifaa vichache, baadhi 10 tu. Simu za wageni wa sikukuu zikijaza nafasi, kamera hubaki nje.

Orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa. Aliyewahi kuwasha kichujio hiki lazima aiongeze kamera kwenye orodha.

Jina lililofichwa. Mtandao usiotangaza jina lake huzisumbua kamera nyingi. Litangaze jina, nywila imara ndiyo ulinzi.

7. Umbali, kuta na mabati

Kipimo cha kipande hiki ni kimoja: ishushe kamera, ilete mita 1 au 2 kutoka kwenye ruta, kisha ijaribu. Ikiungana hapo, kamera ni nzima na tatizo ni mahali ilipofungwa. Isipoungana hata hapo, rudi kwenye sehemu ya 5 na ya 6. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kununua chochote. Fanya hivyo pia kwa kamera mpya: iunganishe mezani kwanza, ndipo uipandishe ukutani.

Chuma huyazuia mawimbi kuliko kitu kingine chochote katika nyumba zetu. Bati la kibaraza, mlango wa chuma, wavu wa dirishani na zege lenye nondo hupunguza nguvu ya mtandao kwa kiasi kikubwa. Maji nayo hunyonya mawimbi, hivyo tangi lililo kati ya ruta na kamera ni kizuizi. Ukuta mmoja wa tofali za saruji hupitika. Kuta tatu pamoja na bati ni habari nyingine.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuihamisha ruta. Iondoe nyuma ya televisheni, juu ya jokofu au ndani ya kabati, na uiweke mahali pa wazi, juu kiasi, upande wa nyumba ulio karibu na kamera. Jiko la maikrowevu nalo huvuruga masafa ya 2.4 linapofanya kazi, basi visikae pamoja. Hayo yasipotosha, kuna vifaa vya kurudisha mawimbi. Kifaa hicho kiwekwe katikati ya njia, mahali ambapo mtandao bado ni mzuri. Kikiwekwa pale ambapo mtandao umekwisha kufifia, kitapokea udhaifu na kurusha udhaifu.

Kwa zizi au ghala lililo mbali sana, kamera inayotumia laini yake yenyewe ya simu huenda ikafaa kuliko kulazimisha Wi-Fi.

8. Simu na akaunti

Wakati wa kuunganisha, programu ya kamera huomba ruhusa ya kutumia mahali ulipo na ruhusa ya kuona vifaa vya mtandao wa ndani. Anayezikataa huona orodha tupu na kudhani kamera imekufa. Zikague kwenye mipangilio ya simu. Ikiwa unatumia VPN, izime hadi umalize.

Kama kamera yako huunganishwa kwa kusoma msimbo wa QR kutoka kwenye kioo cha simu, ongeza mwanga wa kioo, futa lenzi kwa kitambaa laini, kisha shika simu umbali wa sentimita 15 hadi 20 na uisogeze taratibu mbele na nyuma.

Lipo pia suala la umiliki, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kamera nyingi hufungwa kwenye akaunti ya mtu wa kwanza aliyeisajili. Mtu mwingine hawezi kuiongeza kwenye simu yake, hata akibonyeza kitufe cha kuanza upya, mpaka mwenye akaunti aifute au amgawie ruhusa. Kwa hiyo anayenunua kamera iliyotumika ahakikishe muuzaji ameifuta kwenye akaunti yake mbele ya macho yake.

Na hili ni zito zaidi. Ikiwa fundi aliisajili kamera kwa simu yake kwa ajili ya kukurahisishia, fundi huyo anaweza kuiona nyumba yako wakati wowote atakao, na wewe ni mgeni kwenye kamera uliyoilipia. Fundi mwaminifu hatachukizwa ukimwomba asajili kwa namba au barua pepe yako, na nywila uichague mwenyewe akiwa amegeuka pembeni.

9. Kuanza upya

Hatua hii iwe ya mwisho. Toa kwanza kadi ya kumbukumbu, ili rekodi zilizomo zisiguswe. Kamera ikiwa imewaka, bonyeza kitufe kidogo cha kuanza upya, ambacho mara nyingi hufikiwa kwa pini, na ukishikilie kwa sekunde 5 hadi 10, au zaidi kama kitabu kinavyoelekeza, hadi taa ibadilike au sauti isikike. Mipangilio yote itafutika. Subiri kamera iwake kikamilifu, kisha anza kuiunganisha ukiwa karibu na ruta.

10. Inaposhika kisha ikaachia

Kamera inayoungana na kukatika mara kwa mara huwa na tatizo la umeme, la umbali, au la kifurushi. Tupige hesabu ya hili la mwisho. Kamera inayorusha picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa. Ikirusha mfululizo kwa saa 24, hutumia takriban gigabaiti 10.8. Kifurushi cha wiki kinaweza kwisha kwa siku moja, na siku ya pili mwenye nyumba akaita fundi.

Kwa bahati nzuri, kamera nyingi haziko lazima zirushe mfululizo. Weka kadi ya kumbukumbu ili zirekodi humohumo. Ziamuru zitume taarifa pale tu zinapoona mwendo. Punguza ubora wa picha za moja kwa moja, na ufunge ukurasa wa kamera unapomaliza kutazama. Kamera nyingi zenye kadi huendelea kurekodi hata mtandao unapokatika, alimradi umeme upo. Thibitisha kwamba yako hufanya hivyo: zima ruta kwa dakika 10, pita mbele ya kamera, kisha washa ruta na utafute picha yako kwenye rekodi.

11. Usalama wa kamera na haki ya jirani

Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka idadi kubwa ya kamera na ruta duniani kwa njia rahisi mno: kilijaribu nywila za kiwandani, na wenye vifaa hivyo hawakuwa wamezibadilisha. Vifaa hivyo vikatumiwa kushambulia mitandao mikubwa ya intaneti, huku wenyewe wakiendelea kuvitumia bila kujua. Badilisha nywila ya kamera na ya ruta siku ya kwanza, kubali masasisho ya mtengenezaji, na washa uthibitisho wa hatua mbili pale unapopatikana.

Elekeza kamera kwenye geti lako, zizi lako na mlango wako. Dirisha la jirani, uwanja wake wa kuogea watoto na njia ya choo chake si eneo la ulinzi wako. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ndani ya nyumba, wajulishe wanaoishi humo, akiwemo msaidizi wa kazi, mahali kamera ilipo.

Wizi ukitokea, hifadhi rekodi mapema, kwa kuwa kadi ikijaa hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Piga simu ya dharura 112, toa taarifa kwa polisi kata na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako, na uikabidhi rekodi kwao. Usiisambaze kwenye makundi ya simu. Picha ya usiku huweza kumfananisha mtu asiye na hatia na mwizi, na umati uliokasirika hausubiri ushahidi wa pili.

12. Turudi kwa bibi

Mjukuu sasa anafuata hatua. Anazima data ya simu yake na kukuta kwamba Wi-Fi inafungua kurasa: intaneti ipo. Anakagua adapta: ni ileile ya siku zote. Anaishusha kamera na kuileta karibu na ruta: bado inakataa. Anatazama chini ya ruta mpya na kuona kwamba inarusha masafa mawili kwa jina moja. Anayatenganisha, anaanza kuiunganisha upya, na sasa ujumbe unabadilika: kamera imesajiliwa na akaunti nyingine. Ni akaunti ya baba yake. Anampigia simu mjini. Baba anaingia kwenye programu, anaifuta kamera kwa muda, nao wanaisajili upya kwa akaunti ya baba. Taa inatulia.

Inapopandishwa mlangoni, inakatika tena. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, na kati yake na mlango kuna ukuta na bati la kibaraza. Anaihamishia dirishani. Jioni hiyo, mwana aliye mjini anamwona mama yake akihesabu mbuzi na kufunga zizi.

Vikwazo vilikuwa vitatu, na kila kimoja kilikuwa kidogo. Kwa kuwa vilipangana, kila jaribio la kubahatisha lilifeli na kamera nzima ikahukumiwa kuwa mbovu. Hakuna kilichonunuliwa.

Mazoezi ya nyumbani

Fanya haya mwishoni mwa juma hili, kisha uyarudie kila mwezi:

Fungua programu na utazame tarehe ya picha ya mwisho iliyorekodiwa. Ikiwa si ya leo, anza na sehemu ya 2.

Kagua kama saa ya kamera ni sahihi. Rekodi yenye saa isiyo sahihi hupoteza thamani yake kama ushahidi.

Jiulize akaunti ya kamera ni ya nani, na ni nani wengine wenye ruhusa ya kuitazama. Mfute asiyehusika.

Andika jina la mtandao na nywila kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na hati nyingine za nyumba, wala usiibandike ukutani.

Mwombe jirani mbadilishane namba za simu, kama hamjafanya hivyo. Kamera huonyesha kilichotokea. Jirani ndiye anayefika kwa wakati. Ulinzi shirikishi wa kitongoji, taa ya nje inayowaka na geti lililofungwa vitaendelea kuhitajika hata baada ya taa ya kamera kutulia.